Kicheko Kimehamia Kiganjani, Mwenyewe Ni Nani?

Ndugu wasikilizaji, na nanyi mnaoyasoma mazungumzo haya gazetini, leo nataka kuzungumzia vichekesho. Najua wako watakaoguna. Watasema bei ya unga ipo, foleni ya Mbagala ipo, maji leo yanatoka kesho hayatoki, iweje mtu mzima akae mbele ya kipaza sauti azungumzie watu wanaochekesha? Naomba mnivumilie. Nina deni la kijana mmoja wa Lupaso, na dawa ya deni ni kulipa.

Lupaso iko wilayani Masasi, mkoa wa Mtwara. Wengi wenu mliisikia sana Julai 2020, alipozikwa pale Mzee Benjamin William Mkapa, Rais wa awamu ya tatu, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1938. Mimi nilikwenda kwa jambo langu dogo, kumjulia hali rafiki wa siku nyingi, wakati korosho zimeanza kudondoka. Jioni ya pili nikasikia vicheko nyuma ya nyumba. Nikazunguka. Nikawakuta vijana wanne wakijirekodi kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Mmoja alikuwa amejifunga kanga za bibi yake. Wa pili alivaa koti kubwa la baba mtu, naye ndiye katibu wa chama cha msingi. Wa tatu ni mkulima anayedai malipo ya korosho zake. Wa nne ndiye aliyeshika simu. Mkulima anauliza, "Katibu, fedha zetu lini?" Katibu anajibu kwa methali. Mkulima anauliza tena, katibu anatoa methali nyingine. Huku nyuma simu ya mkulima inaita: kwanza mwenye duka, halafu mwalimu wa mtoto, halafu wakwe wanaodai mahari iliyobaki. Mwisho mkulima naye anaanza kuwajibu wote kwa methali zilezile alizopewa na katibu. Nilicheka mpaka mwenyeji wangu akatoka ndani kuuliza kulikoni.

Kijana aliyeigiza mkulima, ambaye ni mpwa wa mwenyeji wangu, akaja kuniamkia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya mnayafanya kwa ajili ya nani?"

Akanieleza kwamba wana chaneli yao mtandaoni. Walianza na watazamaji ambao wangeweza kuwataja kwa majina, wakafika mia, wakafika mia tano. Kisha akanionyesha jambo lililomtia uchungu. Kichekesho chao kimoja kilichukuliwa na ukurasa mwingine mkubwa, jina lao likafunikwa kwa jina la wengine, na huko kimetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa kata nzima. Wao hawakupata senti, wala salamu. Akaniuliza, "Mjomba, wewe ni mtu wa redio. Kichekesho kikishatoka mdomoni mwangu, ni cha nani?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilimwambia nitamjibu hewani. Leo namjibu, na ili nimjibu vizuri inanipasa nirudi nyuma kidogo, maana swali lake ni la zamani kuliko simu yake.

Huko Kusini, watu hawakungoja mashine ili wacheke. Ukanda ule wa Masasi na Newala, wanakoishi Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, una desturi ya utani kama zilivyo sehemu nyingi za nchi yetu. Mtani anaweza kukuzomea msibani, akakuambia marehemu alikuwa mchoyo wa ugali, na hakuna anayekasirika. Lakini angalieni vizuri. Mtani huyohuyo ndiye anayebeba maji na kuchimba kaburi. Amepewa ruhusa ya kucheka kwa sababu ana wajibu wa kusaidia. Halafu wapo Wamakonde na mapiko yao, zile sura za kuchonga zinazovaliwa na wachezaji katika sherehe za jando. Wachongaji wamewahi kuchonga hata sura za wakoloni, zikachezewa ngoma uwanjani, na kijiji kizima kikamcheka mkubwa ambaye mchana kilimwogopa. Kule uwanjani hapakuwa na swali la nani mwenye kichekesho. Mchekeshaji, mchekwaji na watazamaji walijuana wote.

Swali lilianza mashine zilipoingia. Mwaka 1914, Mwingereza mmoja aitwaye Charlie Chaplin alianza kuonekana katika filamu huko Marekani, akiwa na kofia, fimbo na suruali inayopwaya. Filamu zake zikazunguka dunia nzima, na kwetu jina lake likageuka neno. Mpaka leo mchekeshaji tunamwita chale. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mwaka 1919 chale huyo na wenzake watatu, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, waliunda kampuni yao ya kusambaza filamu, United Artists. Walikuwa wameshatambua kwamba anayechekesha ni mmoja, na anayeshika mlango wa kuingilia watazamaji ni mwingine, na fedha hubaki mlangoni. Basi wakaamua kuwa na mlango wao wenyewe.

Kwetu Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Moja iliitwa Muhogo Mchungu. Inamhusu mtu wa shamba anayefika mjini na kukumbana na werevu wa mjini. Aliyeigiza humo ni Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Kumbe basi, miongoni mwa filamu za mwanzo za Kiswahili imo inayomcheka mshamba. Kamera ilikuwa ya mtu wa mbali, na anayechekwa ni mtu wa kijijini. Mtindo huo ulidumu sana. Ninyi wa mjini mnajua mnavyoigiza lafudhi ya Kimakonde mnapotaka kuchekesha barazani. Mnajua pia kwamba neno machinga, mnalomwita kila anayetembeza bidhaa barabarani, limetokana na Wamachinga wa Lindi. Kusini imewapa mjini jina la kazi na lafudhi ya kuchekea. Kilichokuwa kigumu ni Kusini yenyewe kupata nafasi ya kusema.

Ikaja redio. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ilikuwa kwa miaka mingi sauti moja tu Tanzania Bara nzima. Wazee wenzangu mtakumbuka vipindi vya vichekesho kama Mahoka na Pwagu na Pwaguzi. Mtu wa Lupaso na mtu wa Ilala walicheka saa ileile kwa jambo lilelile. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu wa Kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, masika ilipokolea barabara ilikatika, na magari yalilala kwenye kivuko cha Ndundu. Gazeti likifika Masasi lilikuwa limeshazeeka. Redio haikuhitaji kivuko. Lakini redio ile ilikuwa na njia moja. Kicheko kilitoka Barabara ya Pugu kwenda Lupaso. Cha Lupaso hakikuwa na njia ya kurudi.

Mwana wa Lupaso aliyeijua njia hiyo kuliko wote ni Mkapa mwenyewe. Wengi humkumbuka kwa Urais, nao husahau kwamba alikuwa mtu wa magazeti. Aliongoza The Nationalist na Uhuru, akawa mhariri mtendaji wa Daily News ilipoanzishwa mwaka 1972, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari, Shihata. Mara mbili alikuwa Waziri mwenye dhamana ya habari. Ili sauti yake isikike alilazimika kuondoka: kwanza Ndanda, kisha Kigonsera, kisha Pugu, kisha Makerere. Ndiyo ilikuwa kanuni ya wakati ule. Kipaji kilipanda lori.

Mjini nako vichekesho vilikuwa na maisha yake. Miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya sanaa kama Muungano na baadaye Tanzania One Theatre vilijaza kumbi za starehe. Ungelipa kiingilio mara moja ukapata ngoma, sarakasi, muziki na kichekesho. Fedha zilihesabiwa usiku uleule, na msanii alijua chumba kilikuwa na watu wangapi. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria iliyofungua utangazaji kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata Bara ikaanza kuona televisheni yake, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Ndipo tukawaona Kaole na Mizengwe kupitia ITV. Katikati ya miaka ya 2000 wakaibuka vijana wa Ze Comedy kwenye EATV, akina Joti, Masanja, Mpoki na wenzao, mitaa ikawa inatulia siku ya kipindi chao. Vijana hao walipohamia TBC, jina la zamani halikwenda nao. Wakaitwa Ze Orijino Komedi. Nyuso ni zilezile, vichekesho ni vilevile, lakini jina limebaki nyuma. Kijana wangu wa Lupaso, hapo weka alama. Tutarudi.

Pembeni ya televisheni kulikuwa na kanda za video, kisha santuri za VCD na DVD. Huko ndiko Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, alikopata watazamaji wengi, akajulikana katika kila kibanda cha video Afrika Mashariki. Utaratibu wa biashara ile ulikuwa msanii anauza kazi yake kwa mkupuo. Anapokea kitita, anatia saini, anaondoka. Nakala zikiuzwa elfu au laki, si habari yake tena. Majuto alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, ndipo nchi ilipoanza kuuliza kwa sauti imekuwaje mtu aliyewachekesha watu wote hawa awe anahitaji kuchangiwa. Serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na ya kwake ikiwamo. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Mikataba ikawa inasomwa na mwenyewe hayupo.

Sasa tufike kwenye mtandao. Tarehe 23 Aprili 2005, kijana aitwaye Jawed Karim aliweka kwenye YouTube video ya sekunde zisizofika 20, amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama huko San Diego, Marekani. Ndiyo ilikuwa video ya kwanza kabisa. Mwaka uliofuata kampuni ya Google ikainunua YouTube kwa dola bilioni 1.65. Kwetu habari ile haikuwa na maana sana, kwa sababu intaneti yetu ilikuwa ya kupitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mambo yalibadilika Julai 2009, mkonga wa Seacom ulipofika Dar es Salaam kupitia baharini, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Mkongo wa taifa ukasambaa mikoani, minara ya simu ikafuata, zikafuata simu za bei nafuu. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu enzi za mapiko, mtu wa kijijini alipoweza kurekodi kicheko chake mwenyewe na kukipeleka kwa watu bila kupanda lori.

Wa kwanza kutuonyesha njia katika ukanda wetu alikuwa mwanamke, Anne Kansiime wa Kabale, Uganda. Vipande vyake vifupi vya mwanamke asiyekubali kuonewa vilitazamwa kutoka Lagos hadi Lusaka, mahali ambapo hakuna televisheni ya Uganda inayofika. Kenya akaja Njugush, na mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani kwa ajili ya korona akazuka msichana Elsa Majimbo, mwenye miwani midogo na mfuko wa krispi, akawachekesha Wamarekani akiwa chumbani kwake Nairobi. Kwetu, baadhi ya wale wa televisheni, Joti akiwa mmojawapo, walifungua chaneli zao. Nyuma yao wakaja wengine ambao televisheni haikuwalea: Mkojani, Clam Vevo, Ndaro, Steve Mweusi na wengi wengineo. Nao wachekeshaji wa jukwaani, kama wale wa Cheka Tu, wakijaza ukumbi leo, kesho vipande vyao viko mtandaoni.

Wako watakaosema hao wote ni watu wa miji mikubwa. Basi tumtazame Kili Paul. Huyu si mchekeshaji hasa, ni kijana wa Kimasai wa kijiji cha Mindu Tulieni, mkoa wa Pwani. Mwishoni mwa mwaka 2021, yeye na dada yake Neema walianza kupata watazamaji kwa mamilioni kwa kuigiza kwa midomo nyimbo za Kihindi. Kijijini kwao hapakuwa na umeme. Simu ilibidi ipelekwe mji wa jirani ikachajiwe. Februari 2022 ubalozi wa India ulimwalika Dar es Salaam ukampa heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja redioni. Narudia, redioni. Kwa hiyo wale wanaosema kijiji hakiwezi, hawana hoja tena.

Lakini mimi sikuja hapa kuwauzia vijana ndoto. Hebu tupige hesabu. Tangu mwaka 2018, YouTube ilitaka chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla haijaanza kugawana nayo fedha za matangazo. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kichekesho cha wale vijana wa Lupaso kina dakika 3. Maana yake kitazamwe mara 80,000, tena kila mtazamaji akifika mwisho. Ukivuka hapo, kwa video za kawaida mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya fedha za tangazo. Lakini fedha zenyewe hutegemea mtazamaji yuko wapi, kwa sababu wafanyabiashara hulipa zaidi kumfikia mtu wa Ulaya au Marekani kuliko kumfikia mtu wa Nachingwea. Kwa hiyo ukurasa ule uliokichukua kichekesho chao haukuiba mzaha tu. Umeiba dakika, na dakika ndizo ngazi yenyewe. Kila mtu aliyechekea kule ni dakika tatu zilizopunguzwa kwenye ngazi ya Lupaso. Wahenga walisema pwagu hupata pwaguzi, lakini hapa hata pwagu hayupo. Yupo mkulima na pwaguzi tu.

Kuna gharama nyingine. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni. Mwaka huohuo, serikali iliponunua korosho yenyewe, bei ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Gawanyeni. Leseni peke yake ni zaidi ya kilo 300 za korosho. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye na ada zikapunguzwa, nami napongeza. Lakini mtunga kanuni akae akikumbuka kwamba shilingi milioni moja ya Oysterbay na shilingi milioni moja ya Lupaso hazina uzito mmoja.

Tena kuna suala la nani anaruhusiwa kuchekwa. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan, yule aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014, alikamatwa baada ya kusambaa kwa video inayomwonyesha akicheka picha ya zamani ya Rais aliyekuwa madarakani. Mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yalihusu usajili wa laini ya simu. Sina nia ya kuhukumu shauri la mtu. Nasema tu kwamba babu zetu walichonga sura ya mkubwa wakaicheza uwanjani, na kesho yake kijiji kikaendelea na kilimo. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Siku hizo chaneli zote, za wakubwa na za wadogo, zilikuwa sawasawa na ukuta. Mwenye kutegemea mlango wa mtu mwingine ajue kwamba ufunguo hauko mfukoni mwake.

Haya, kijana wangu, sasa nakujibu. Umeniuliza kichekesho kikishatoka mdomoni mwako ni cha nani.

Kwanza, sheria. Iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Ilitungwa katika utawala wa mzee wa kijijini kwenu. Sheria hiyo hailindi wazo tupu. Mtu mwingine akitunga kichekesho chake kuhusu katibu anayejibu kwa methali, huna la kumfanya, maana hata wewe makatibu hukuwaumba. Lakini kile mlichokiigiza na kukirekodi, kwa maneno yenu na sura zenu, ni mali yenu tangu siku mlipokirekodi. Kwenda kukisajili COSOTA hakukupi haki mpya. Kunakupa ushahidi wa ile uliyonayo. Kwa hiyo tunza picha za mwanzo kabisa, zile ambazo hazijakatwa, pamoja na tarehe zake. Aliyekuchukulia hana hizo. Nayo mitandao yenyewe ina utaratibu wa mwenye kazi kulalamika ili iliyoibwa iondolewe, na utaratibu huo ni bure. Hauhitaji wakili wala nauli ya kwenda Mtwara.

Pili, jina lenu msiliandike pembeni ambako linafunikika kwa kidole. Litamkwe ndani ya kichekesho chenyewe. Mkulima ajitambulishe, katibu alikosee, bibi alisahihishe. Mwizi akitaka kulitoa itabidi akitoe kichekesho.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza kichwa kuliko lile la mwizi wa mbali. Ninyi mko wanne na simu ni moja. Neno la siri la chaneli analijua nani? Fedha zikija zitaingia kwenye namba ya nani? Mmoja akihamia Dar es Salaam, jina atakwenda nalo au litabaki? Leo mnacheka pamoja, mnaona aibu kuulizana. Nilikuomba uweke alama pale vijana wa Ze Comedy walipohama na jina likabaki. Ndiyo maana yake. Chukueni karatasi ya daftari, andikeni wanne, tieni saini, mwenyeji wangu awe shahidi. King Majuto alikuwa na kipaji kuliko sisi sote, na karatasi ndiyo iliyomsumbua.

Na ninyi mnaonunua gazeti hili asubuhi kituoni, mkalisoma ndani ya daladala huku simu iko mkono wa pili, nanyi nina neno lenu. Kule kwao, mtani hucheka kwa sababu ana wajibu. Akikucheka leo, kesho anakuja na jembe kukuzika. Ninyi mnacheka bure. Mnapokea kichekesho kwenye simu, mnakirusha kwa watu kumi, na hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Sisemi mpeleke jembe Lupaso. Nasema mtafute mwenyewe, mkitazamie kwake. Hakikugharimu zaidi ya bando lilelile, na kwake ni dakika tatu za ngazi.

Nimekitaja mara kadhaa kijiji cha mtu mkubwa. Mkapa alichukuliwa na lori kwenda kusoma ili sauti yake isikike, na ilisikika mpaka Umoja wa Mataifa. Wale vijana wanne hawataki kuondoka. Wanataka kubaki na mikorosho yao, na bibi yao, na katibu wao mwenye methali, na bado wasikike. Mimi naona hilo ni ombi la haki.

Nilipokuwa naaga, yule mpwa wa mwenyeji wangu alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwuliza kama katibu wa chama chao cha msingi, yule wa kweli, amekiona kile kichekesho. Akasema amekiona, na alipokiona alinyamaza kwanza, kisha akacheka, kisha akawaita. Nikadhani amewafokea. "Hapana, mjomba," akasema. "Alituambia methali ya tatu tuliikosea."

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.